Mtungi wa Ruzuku Umefika, Nani Ataujaza?

Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi ya Dayosisi katika semina ya kamati za maendeleo za sharika, Ushirombo



Tumeombwa kuzungumzia bei ya gesi ya kupikia, ruzuku ya Serikali na namna kaya zetu zinavyokabiliana na hali hiyo. Tutaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe, maana ndilo lililotufundisha.

Kosa letu

Kwa msaada wa wafadhili, tuliwaongezea akina mama wa kikundi kimoja fedha ili kila mmoja apate mtungi mdogo wa kilo 6 na jiko lake. Siku ya kukabidhi ilikuwa ya furaha. Tulipiga picha, tukaandika taarifa, tukahesabu mitungi iliyotolewa, tukatuma. Kwenye karatasi mradi ulikuwa umefaulu.

Baada ya miezi kadhaa tulirudi kuwatembelea. Mama mmoja alitukaribisha chai iliyochemshwa kwa kuni. Tulipomwuliza mtungi uko wapi, alicheka kidogo, akainama, akautoa chini ya kitanda. Ulikuwa mtupu tangu gesi ya kwanza ilipoisha. Nyumba ya jirani ulikuwa umefunikwa kitambaa, juu yake umewekwa redio. Mwingine alikuwa ameuza wake kwa mama lishe wa machimboni ili alipe ada ya mtoto. Hatukuweza kumlaumu. Alifanya hesabu yake kama mama, na sisi ndio tuliokuwa hatujafanya yetu.

Ndugu zetu, tulikuwa tumehesabu mitungi. Hatukuhesabu ni mara ngapi imejazwa.

Ruzuku ilikuja kwa njia gani

Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya mafuta duniani, Serikali yetu ilitenga shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni ili kupunguza makali ya bei. Ruzuku hiyo ilikuwa kwa petroli, dizeli na mafuta ya taa, bidhaa ambazo EWURA hutangazia bei kikomo kila mwezi. Gesi ya kupikia haikuwamo. Lakini gesi hiyo nayo huagizwa kutoka nje kwa meli na hulipiwa kwa dola. Kutoka Dar es Salaam hadi hapa Ushirombo husafiri kwa lori zaidi ya kilomita 1,000. Kwa hiyo bei ya dizeli ikipanda, mtungi wetu nao huguswa, hata kama hakuna aliyetangaza.

Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034. Lengo ni kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi. Sababu zake tunazijua: misitu inakwisha, na Serikali imeeleza kwamba watu wapatao 33,000 hufariki kila mwaka kwa magonjwa yanayohusiana na moshi wa kuni na mkaa. Wanaoumia zaidi ni mama na mtoto aliye mgongoni.

Katika kutekeleza mkakati huo, Wakala wa Nishati Vijijini (REA) ulipanga kusambaza mitungi 452,445 ya kilo 6 kwa ruzuku ya asilimia 50, sawa na mitungi 3,255 kwa kila wilaya. Mwananchi alitakiwa kufika na kitambulisho cha NIDA au namba yake. Sisi wa Bukombe tulilifuatilia jambo hili kwa karibu, kwa kuwa mbunge wetu, Dkt. Doto Biteko, ndiye aliyekuwa Waziri wa Nishati tangu 2023 hadi 2025.

Tunaishukuru Serikali kwa hatua hiyo. Bila nusu bei, kaya nyingi zisingethubutu hata kuulizia mtungi. Lakini ni vema kamati zielewe jambo moja kwa uwazi: ruzuku ile ilikuwa ya kumwingiza mtu katika matumizi ya gesi. Gesi ya kwanza ikiisha, mama anarudi dukani kwa bei ya soko.

Kaya zetu hazifanani

Tulipokaa na wanakikundi tukawasikiliza, tuliona kaya za namna tatu.

Ya kwanza ni kaya za mjini, kama Katente na Igulwa, zinazonunua mkaa. Hapa hesabu inashangaza. Mama anayenunua mkaa wa shilingi 1,000 kila siku hutumia shilingi 30,000 kwa mwezi. Kujaza mtungi wa kilo 6 ni zaidi ya shilingi 20,000. Gesi hiyo haiwezi kumaliza mwezi kwa familia kubwa inayopikia kila kitu, lakini tofauti si kubwa kama tunavyodhani. Shida yake ni kwamba kipato chake ni cha siku kwa siku. Shilingi 1,000 anayo leo. Shilingi 20,000 kwa mkupuo hana, na akizipata, kuna mgonjwa au mchango wa shule.

Ya pili ni kaya za wakulima wanaookota kuni. Kwao kuni hazina bei, ila zina saa za mama na binti, na kila mwaka wanakwenda mbali zaidi. Fedha zao huja kwa msimu, wakati wa kuuza mahindi au tumbaku. Tusisahau pia kwamba tumbaku yenyewe hukaushwa kwa kuni, hivyo msitu mmoja unavunwa na jiko la nyumbani pamoja na bani la tumbaku.

Ya tatu ni kaya zinazotegemea machimbo ya dhahabu. Wiki yenye mawe mazuri wanajaza gesi bila kuuliza bei. Wiki ya ukame wanarudi kwenye mkaa.

Katika kaya zote tatu hatukukuta hata moja iliyoacha kuni na mkaa kabisa. Gesi inapikia chai ya asubuhi, uji wa mtoto, mboga ya haraka na chakula siku za mvua. Maharage na makande vinabaki kwenye kuni. Zamani tulisema huko ni kushindwa kwa uhamasishaji. Sasa tunasema ni busara ya kaya inayolinda mfuko wake.

Wenzetu wamefanya nini

Kenya iliweka kodi ya VAT ya asilimia 16 kwenye gesi ya kupikia Julai 2021. Wananchi walipolalamika ikapunguzwa hadi asilimia 8 mwaka 2022, kisha mwaka 2023 ikaondolewa. India ilianza Mei 2016 kuzipa kaya maskini huduma ya gesi kwa mara ya kwanza bila malipo. Ikaonekana wengi hawarudi kujaza. Mei 2022, bei ilipokuwa juu, serikali yao ikaanza kurudisha rupia 200 kwa kila mtungi wa kilo 14.2 uliojazwa, hadi mitungi 12 kwa mwaka. Oktoba 2023 ikafikisha rupia 300. Fedha hizo huingia katika akaunti ya benki ya mama mwenyewe.

Hapo kuna fundisho: wao walifika mahali pa kusaidia kujaza. Hata hivyo mama wa India hulipa kwanza, ndipo arudishiwe. Asiye na fedha ya kuanzia bado amekwama. Kwa hiyo hata siku Serikali yetu ikileta utaratibu kama huo, akiba itahitajika.

Tunapendekeza nini

Kwanza, kila usharika wenye kikundi cha kuweka na kukopa uanzishe mfuko mdogo wa gesi, tofauti na mfuko wa biashara. Mwanachama aweke kidogo kidogo kila siku ya kikao, na zamu yake ikifika alipiwe kujaza. Kwa wakulima, mchango utolewe wakati wa mavuno. Kikundi kile tulichokosea kimekwisha kuanza hivyo.

Pili, tusiache majiko banifu. Maharage yalowekwe usiku kucha na yapikwe kwenye jiko banifu, gesi ibaki kwa mapishi mafupi.

Tatu, akina baba washirikishwe. Mara nyingi fedha ya mavuno iko mfukoni kwa baba, na moshi uko machoni kwa mama. Mfuko wa gesi ukijadiliwa kwa akina mama peke yao, hautadumu.

Nne, kamati ziwasaidie wazee na wajane wasio na namba ya NIDA kuipata mapema. Mgao ukitangazwa, asiye na namba hubaki akitazama wenzake.

Tano, usalama ufundishwe kabla ya kukabidhi: mtungi usimame wima, mahali penye hewa, na mpira ukaguliwe kwa povu la sabuni, si kwa kiberiti.

Kwa wafadhili wetu

Tunawaomba radhi kwa taarifa ile ya picha nzuri. Haikuwa ya uongo, ila ilikuwa nusu ya ukweli. Kuanzia sasa taarifa zetu zitaonyesha ni kaya ngapi zimejaza mtungi mara ya pili, ya tatu na ya nne. Idadi itakuwa ndogo kuliko mliyozoea kuona. Tunaomba msikate tamaa kwa udogo huo, kwa kuwa huo ndio utakaotuonyesha kama moshi umepungua kweli.

Katika Injili tunakumbushwa habari za mjenzi wa mnara ambaye hana budi kuhesabu gharama kabla ya kuanza. Sisi tulianza kabla ya kuhesabu. Yule mama wa chini ya kitanda alikwisha kuhesabu siku nyingi. Tukirudi kwake tena, tunatamani tukute mtungi uko jikoni.