Miti ya Mjini na Haki ya Wenyeji
Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi



Nimeombwa niseme machache juu ya miti, mito na mabonde ya mijini. Huenda baadhi yenu mnajiuliza jambo hilo lina uhusiano gani na ushirika. Naomba mnivumilie, kwani nataraji kuonyesha kwamba linatuhusu sana.

Wengi wetu tunalijua Bonde la Msimbazi. Mto huo huanzia katika vilima vya Pugu, hukatiza Dar es Salaam, kisha huingia baharini karibu na Daraja la Salenda. Kadiri misitu ilivyokatwa na ardhi ilivyofunikwa kwa saruji, ndivyo maji ya mvua yalivyokosa mahali pa kunywea. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya bonde hilo. Sehemu ya mpango ni kuupa mto nafasi yake, kurudisha mikoko, na kufanya bustani ya jiji mahali ambapo watu walikuwa wakiishi.

Kazi hiyo ni njema, kwa kuwa mizizi hushika udongo na mikoko hupunguza nguvu ya mawimbi. Lakini mwanaushirika hana budi kuuliza: faida inagawanywaje, na gharama inabebwa na nani? Mwenye nyumba huandikwa katika daftari la fidia. Je, mpangaji wa chumba kimoja? Je, mama alimaye mchicha kando ya mto? Hao hawana hati, lakini riziki yao ndiyo hukatika kwanza.

Tusidhani kuwa hilo ni tatizo letu peke yetu. Mjini New York, reli ya zamani iliyopita juu ya barabara iligeuzwa bustani, na sehemu ya kwanza ikafunguliwa mwaka 2009. Watalii walimiminika, na bei za nyumba za jirani zikapanda. Robert Hammond, mmoja wa waanzilishi wake, alikiri mwaka 2017 kwamba walishindwa kuwatumikia wakazi wa mtaa wenyewe.

Upo pia mfano wa kutia moyo. Mnamo Agosti 2017, kilima kilichovuliwa miti kiliporomoka pembeni mwa Freetown, Siera Leone, na watu zaidi ya 1,000 wakafa au kupotea. Mwaka 2020 Halmashauri ya Jiji ilianza kampeni ya kupanda miti milioni moja. Kazi walipewa wenyeji kupitia vikundi vya mitaa. Kila mti huandikishwa na kupewa namba yake. Mtunzaji huurudia, huupiga picha kwa simu, na hulipwa kwa kuutunza ukiwa hai. Hivyo fedha hubaki mtaani, na mti hupata mlinzi.

Ndugu zangu, utaratibu huo si mgeni kwetu. Kuandikisha, kupima na kulipa kwa haki ndiyo kazi ya kila siku ya katibu wa chama. Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, mpango wa bustani au mifereji ufikapo mtaani, chama kiandike orodha ya wote wanaotegemea eneo lile, wakiwemo wapangaji, wakulima wa mboga na wachuuzi, na orodha hiyo isomwe mbele ya mkutano. Pili, vyama viombe kwa maandishi kazi ya vitalu vya miche na utunzaji, na mkataba utaje malipo ya miaka ya kutunza, si ya siku ya kupanda tu. Tatu, wajumbe wa kuzungumza na halmashauri wachaguliwe na wanachama, wanawake na vijana wakiwemo, nao warudishe taarifa.

Kanuni ya saba ya ushirika, iliyokubaliwa ulimwenguni mwaka 1995, inatutaka tuijali jamii inayotuzunguka. Bustani mpya ni mgeni mtaani, na wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tusikubali mgeni aje, mwenyeji ahame.