Kabla ya Kuweka Dole Gumba: Wakili, Shamba na Mirathi kwa Watu wa Mbwawa



Mhadhara wa chuo kikuu huzoeleka ukumbini, msemaji amevaa joho. Huu niliomba niutoe hapa, chini ya miembe, kwa sababu mambo nitakayosema yamo mashambani mwenu kuliko yalivyo katika vitabu vyangu. Nimekuja kusema jambo moja. Sisi humtafuta wakili tukiwa tumekwisha kushitakiwa au kunyang'anywa, ilhali siku ambayo angetufaa zaidi ni ile ya kabla ya kuweka dole gumba kwenye karatasi.

Niwape kisa cha nyumbani kwetu. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa na eka nne za mikorosho. Mkewe alipougua alitaka kuuza eka moja apate fedha za hospitali. Mnunuzi alikuja na kijana wake, na kijana ndiye aliyeandika. Karatasi ilisema mjomba "ameuza shamba lake lililopo Mbwawa", bei ikatajwa, mashahidi wawili wakasaini. Ukubwa haukuandikwa. Mipaka haikuandikwa. Mjomba hakusoma shule, akasomewa, na aliyemsomea ndiye aliyeiandika. Miaka mitatu baadaye mnunuzi alikuja kuweka nguzo kuzunguka eka zote nne. Shauri lilipofika barazani mjomba alishindwa, akakaa nyumbani miezi kadhaa kwa uchungu, ndipo akaenda kwa wakili. Wakili alisoma ile karatasi, kisha akauliza hukumu ilitoka lini. Rufaa kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu hukatwa ndani ya siku 45, na siku hizo zilikwisha kupita. Kuomba muda wa nyongeza kunawezekana, lakini lazima utoe sababu ya msingi, na uchungu wa moyo haukubaliki kuwa sababu.

Mjomba alifariki akiwa mpangaji Kongowe. Sheria niliyoisomea kwa miaka mingi ingeweza kumsaidia kwa mistari minne tu ya kuandikwa vizuri.

Tuanze basi na ardhi, kwa sababu huku ndiyo inayotugombanisha zaidi. Kila mtu hapa anajua kwamba eka moja ni hatua sabini kwa sabini. Lakini ni hatua za nani? Kijana mrefu aliyekuja na mnunuzi akipima, eka hukua. Mzee wa miaka sabini na magoti yake akipima, hupungua. Nimeona mashauri yaliyodumu miaka kumi ambayo kiini chake ni urefu wa miguu ya mtu. Mpima ardhi mwenye leseni akiweka alama zake, na namba hizo zikaingia kwenye mkataba pamoja na majina ya majirani wa pande nne, ugomvi huo hauna pa kuanzia.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Sisi wa Mbwawa tumo ndani ya Halmashauri ya Mji wa Kibaha, tuna mitaa. Ndugu zetu upande wa Kisarawe wengi bado wako vijijini. Ukoo mmoja unaweza kuwa na shamba huku na shamba kule, na yale mashamba mawili yakatawaliwa na utaratibu tofauti. Kule kijijini inatumika Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999: halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi, na haiwezi kumgawia mtu bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Hata mauzo ya mtu na mtu yanahitaji baraka ya halmashauri hiyo. Tangu mwaka 1985, katika shauri la Nyagwaswa na Nyirabu, Mahakama ya Rufani ilisema kuuza ardhi ya kijiji bila kibali hicho ni kazi bure. Kwa hiyo mtu anayewaonyesha karatasi yenye mhuri wa mwenyekiti peke yake, muulizeni muhtasari wa kikao uko wapi.

Huku mjini mwenyekiti wa mtaa anaweza kuthibitisha kwamba muuzaji ni mkazi na anafahamika. Mhuri wake hauzai hati. Mnunuzi makini huenda ofisi ya ardhi kuuliza kama eneo limepimwa, kama limo kwenye mpango wa barabara au kiwanda, kama kuna mtu mwingine amekwisha kulisajili. Hii ndiyo kazi ya kwanza ya wakili wa ardhi, nayo hufanyika fedha zikiwa bado mfukoni.

Na msikubali kuambiwa kwamba shamba la kimila si mali kwa kuwa halina hati. Mwaka 1994, katika shauri la Lohay Akonaay, Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake walitamka kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba, na mwenye nayo hawezi kunyang'anywa bila fidia ya haki. Hukumu ile ilitokana na shauri la ardhi la Arusha, lakini inamlinda mzee wa hapa vilevile. Siku mthamini wa fidia anapopita shambani kwenu, iwe ni kwa barabara, reli au kiwanda, hiyo ni siku ya kuwa na mwanasheria pembeni kabla ya kusaini fomu. Ukishasaini kwamba umeridhika, kusema hukuridhika ni kupanda mlima.

Mgogoro ukishazuka, njia yake imebadilika na wengi hawajaambiwa. Baraza la Kata zamani lilikuwa likiamua mashauri ya ardhi. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu. Siku 30 zikipita bila suluhu, ndipo unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Katani hamhitaji wakili. Mnahitaji wazee wanaokumbuka mipaka, na subira. Wilayani, hasa mpinzani akija na wakili wake, msiende mikono mitupu. Na msichelewe: madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12.

Mirathi nitaisema kwa tahadhari, kwa sababu inagusa makaburi. Kwa marehemu waliofuata sheria ya Kiislamu au ya kimila, shauri hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, na mtu wa kawaida anaweza kulifungua mwenyewe akiwa na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo. Kwa miaka mingi wakili hakuruhusiwa hata kusimama katika mahakama hiyo; mlango ulifunguliwa mwaka 2021, tena pale tu panapokaa hakimu mkazi. Tatizo linalotuumiza liko baada ya uteuzi. Msimamizi wa mirathi huchukua barua ya mahakama akaigeuza hati ya umiliki. Barua ile haimpi mali. Anatakiwa kukusanya, kulipa madeni, kugawa, na kuirudishia mahakama hesabu ndani ya miezi minne. Mjane au yatima anayeona msimamizi anauza nyumba kimyakimya asisubiri arobaini ya pili. Aende mahakama ile ile iliyomteua, na kama mali imekwisha kuuzwa, hapo amtafute wakili siku hiyo hiyo.

Mama zangu, hili ni lenu. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kupika, kulea na kutunza nyumba ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakufaidika. Mahakama iliona fedha alizopewa na mumewe zilitosha kuwa fungu lake naye amezitumia vibaya. Lakini mlango alioufungua umepitiwa na wanawake wengi. Kabla ya talaka kufika mahakamani lazima kwanza mpite Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Na nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza. Mkiletewa fomu ya benki usiku na kuambiwa "weka sahihi hapa tu", msiweke.

Vijana mnaofanya kazi viwandani, kumbukeni namba moja: 30. Ukiachishwa kazi isivyo halali, una siku 30 kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Chama cha wafanyakazi kinaweza kukuwakilisha. Na aliyeshitakiwa kwa mauaji asidhani kwamba umaskini umemhukumu: Mahakama Kuu humpatia wakili anayelipwa na serikali.

Sasa gharama, maana najua mnaziwaza. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua wasaidizi wa kisheria wanaoelimisha na kuelekeza bila malipo, ingawa hawasimami mahakamani. Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania (TAWLA) na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu husaidia wasio na uwezo. Anayelipa aandikiane na wakili kiasi cha ada na kazi itakayofanyika, na adai risiti. Hiyo ni haki yake wala si kumkosea adabu wakili.

Jihadharini na vishoka. Mtu mwenye shahada ya sheria ni mwanasheria. Wakili ni yule aliyeapishwa na Jaji Mkuu, jina lake likaingizwa kwenye orodha ya mawakili, na ana leseni hai ya mwaka huu. Muombeni leseni. Wakili wa kweli hatakasirika. Na tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama nchini, kwa hiyo atakayewaletea mkataba wa Kiingereza asaini mzee asiyekijua, mrudishieni aulete kwa lugha anayoisoma mzee.

Nina ombi. Leo jioni, kila mwenye shamba aitoe ile karatasi sandukuni, aisome pamoja na mkewe au mumewe na watoto wake wakubwa. Angalieni kama ukubwa umeandikwa, kama majirani wanne wametajwa, kama jina la marehemu baba bado limo. Ukubwa au majirani wakikosekana, au jina la marehemu likiwa bado limo, njooni nayo kesho saa tatu asubuhi hapa hapa. Nitakuwepo na wanafunzi wangu, na hatutatoza shilingi.