Mtoto na Paa Wake



Mwaka 1938 mwandishi wa Marekani, Marjorie Kinnan Rawlings, alitoa riwaya iitwayo The Yearling. Humo tunamkuta Jody, mvulana aliyeishi na wazazi wake katika pori la Florida. Ndugu zake wote walikufa wakiwa wachanga. Mama, kwa kuzika wengi, alikuwa ameufunga moyo wake. Jody alitamani kiumbe kimoja tu cha kukiita chake.

Siku moja baba yake aliumwa na nyoka. Ili kuivuta sumu, alimpiga risasi paa jike na kuliweka ini lake juu ya jeraha. Baba akapona, mtoto wa paa akabaki yatima. Jody alimwombea, naye baba akakubali, kwani kumwacha afe njaa kungekuwa utovu wa shukrani. Tutafakari jambo hilo: uhai wetu umewagharimu wengine. Je, yatima wao tunawakumbuka?

Jody alimgawia paa maziwa yake mwenyewe, na upweke ukamtoka. Lakini paa alikua, akala mahindi machanga, chakula cha nyumba nzima. Jody alipanda upya na kuinua ua, paa akauruka. Baba, akiwa mgonjwa kitandani, akaamuru auawe. Mtoto hakuweza. Mama alipiga risasi, akamjeruhi tu, na Jody ndiye aliyelazimika kummalizia rafiki yake. Alimtamkia baba maneno ya chuki, akatoroka.

Huko njiani njaa ilimfundisha kile ambacho baba alikiogopa. Akarudi, kama yule mwana mpotevu katika Luka sura ya 15. Baba hakumkaripia. Alimpokea na kuzungumza naye kama mtu mzima.

Ndugu zangu, baba yule alikuwa na haki kuhusu mahindi. Hata hivyo haki yake haikumponya mtoto. Ni mara ngapi tumemchinjia mgeni mbuzi aliyelelewa na mtoto wetu, kisha tukamwambia mtoto anyamaze? Huenda hatukuwa na njia nyingine. Lakini machozi yake yalistahili neno letu.

Wazazi na makatekista, leo mkae na yule mtoto mkimya, anayezungumza na wanyama kwa sababu hakuna mwingine wa kumsikiliza. Msianze kwa kumfundisha. Mwulizeni habari za rafiki yake.

Mungu, asiyemsahau hata shomoro, atujalie masikio. Amina.