Lindo la Mlangoni



Alfajiri ya tarehe 31 Januari, 2004, moto ulizuka katika kabati la nyaya za umeme kwenye makao ya wazee ya Rosepark, huko Uddingston, Uskoti. Wazee 14 walipoteza maisha. Moshi uliwafikia vitandani kupitia milango iliyokuwa wazi.

Mara nyingi milango ya namna hiyo huachwa wazi kwa huruma, maana mzee mwenye mkongojo hauwezi mlango mzito unaojifunga. Lakini mlango uliozuiwa kwa kiti au kabari haufai kitu siku ya moto. Dawa yake ni sumaku ya umeme iliyounganishwa na king'ora. Sumaku huushika mlango ukiwa wazi; king'ora kikilia, au umeme ukikatika, huuachia, nao ukajifunga wenyewe.

Dakika ambazo mlango huo huuzuia moshi ndizo dakika zenu za kuokoa watu. Basi popote mlindapo, iwe makao ya wazee, hospitali au bweni, ondoeni kabari. Na kila king'ora kinapojaribiwa, hakikisheni milango imejifunga. Mlinzi asiyekaguliwa husinzia lindoni.