Wa Kujitolea Achaguliwe na Majirani Zake

(Hotuba ya mjumbe wa kamati mbele ya wakazi na wafanyakazi wa mashirika)



Nimepewa dakika chache niseme juu ya watu wa kujitolea katika mitaa yetu. Kamati inaandaa orodha mpya. Naomba, kabla haijapelekwa ofisini, tutazame yaliyotokea Bwera na Kasese, ambako wengi wetu tulipita tukitoka Kongo.

Mpaka wa Mpondwe mnaujua. Ng'ambo ni Kasindi, huku ni Bwera, katikati mto Lhubiriha. Siku za soko, Jumanne na Ijumaa, watu huvuka kwa maelfu. Mnande wa Beni na Mkonzo wa Bwera husikilizana bila mkalimani, na wengine ni ndugu wa damu. Ebola ilipotangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, hakuna serikali ambayo ingeweza kuweka askari katika kila kijia cha shambani. Ilibidi kuwategemea pia watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu pale mpakani, na wale VHT wa vijijini, ambao mpango wao ulianza Uganda mwaka 2001.

VHT huchaguliwa na wanakijiji wenzake, naye hutunza nyumba 25 hadi 30 hivi. Hapo nataka tukae kidogo. Mwenye nyumba 30 anajua nani amepokea mgeni jana usiku. Anajua mtoto yupi hakuonekana akicheza leo. Anapiga hodi, anaketi, na habari inakuja yenyewe katikati ya mazungumzo. Mgeni aliyeshuka garini na karatasi mkononi ataambiwa "sote wazima", na mgonjwa yuko chumba cha nyuma.

Tarehe 11 Juni 2019 ilithibitishwa kwamba mtoto wa miaka 5, aliyevuka na jamaa zake, ana Ebola. Alikuwa amepelekwa hospitali ya Kagando, kisha Bwera, akafariki. Bibi yake naye akafariki. Kila aliyewagusa alipaswa kufuatwa siku 21, na chanjo ikaanza tarehe 15 Juni. Siku 21 ni nyingi, ndugu zangu, kama kila asubuhi anakuja mtu usiyemjua. Mwishoni mwa Agosti msichana wa miaka 9 aligunduliwa palepale Mpondwe. Ugonjwa haukuenea Uganda mwaka ule. Upande wa Kongo watu zaidi ya 2,280 walikufa kabla haujatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Huko vita na siasa viliharibu mengi. Daktari Richard Mouzoko wa Shirika la Afya Duniani aliuawa Butembo tarehe 19 Aprili 2019. Sisemi kwamba jirani mwema angezuia risasi. Nasema kazi hii haifanyiki pasipo kuaminiana.

Mjini Kasese adui ni maji. Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013, ukarudia Mei 2014, na Mei 2020 ukaiharibu hospitali ya Kilembe. Maji hayasubiri mkutano. Anayejua ni nyumba ipi ina kikongwe asiyeweza kutembea ni wa mlango wa pili.

Vijana wamependekeza kikundi cha simu. Kiwepo. Ila mtaani kwetu simu moja huhudumia nyumba kadhaa, na chaji hulipiwa. Ujumbe ukifika, awepo wa kutembea nao nyumba hadi nyumba.

Wageni wetu, na hili niwaambie bila kuficha: kujitolea si kufanya kazi na njaa. Anayezunguka kwenye matope apewe buti, sabuni na glavu. Posho ikiwepo iwe sawa kwa kazi iliyo sawa. Wawili wanaotembea njia moja, mmoja akilipwa na mwenzake asilipwe, hawataendelea kutembea pamoja.

Kwa hiyo naomba kila mtaa ukutane, uchague wawili, mmoja awe mwanamke, wala Kiingereza kisiwe sharti. Nyumba zao zisizidi 30. Wakizembea, mtaa uliowachagua uweze kuwabadilisha. Majina yasomwe hadharani kwanza, ofisi iyapokee baadaye. Mtaa wetu utaanza Jumamosi hii, saa tatu asubuhi, karibu na bomba la maji.