Jino la Mtoto wa Mgeni

Kwetu husemwa kuwa dawa ya jino bovu ni kung'oa. Leo tuwatazame watoto ambao hata huko kung'olewa hawakupati mpaka shavu livimbe.

Katika jimbo la California, huko Marekani, wamo watoto wengi wa wahamiaji maskini, na wengine hawana vibali vya kukaa nchini. Tangu Mei 2016 jimbo hilo huwalipia watoto wote wa maskini matibabu, ya meno pia, wenye vibali na wasio navyo. Ni sheria njema. Lakini madaktari wengi wa meno huwakataa, wakisema malipo ya serikali ni madogo. Naye mama afanyaye usafi katika nyumba za watu, akikosa siku moja, amekosa ujira wake.

Tena ipo hofu. Mwaka 2025 serikali kuu ya Marekani iliwapa wasimamizi wa uhamiaji habari za watu waliojiandikisha kwa matibabu hayo. Ni mzazi gani asiye na kibali atakayeandika anwani yake bila kutetemeka? Hujiambia, "Ni jino la utoto tu, litang'oka lenyewe." Sivyo, ndugu zetu. Likitunga usaha laweza kudhuru jino linaloota chini yake. Na mtoto halali, hali, wala hasikii asemalo mwalimu.

Tunapowapigia simu jamaa zetu walio huko huwauliza habari za kazi na shule. Tuwaulize na meno ya watoto. Mwenye hofu na amtafute kwanza mtu wa kanisani ajuaye sheria, kabla shavu halijavimba.