Ahadi ya stima rahisi: muulizeni mgombea hivi

Ndugu zangu wa Migori na Homa Bay, leo tuongee stima ya fundi wa kuchomelea vyuma.

Kila kampeni utasikia: "Nichagueni, nitashusha bei ya stima!" Sawa, lakini gavana hapangi bei. Bei huidhinishwa na EPRA, kwa nchi nzima. Ahadi hiyo haiko mfukoni mwake.

Sasa sikizeni. Bili hutokana na mambo mawili: bei ya uniti, na uniti ngapi umechoma. Hapo pa pili ndipo pana kazi. Ile mashine nzito ya transfoma, ukiiacha imewashwa ukipima mlango, tokeni zinaenda tu. Ya inveta ni nyepesi, na hula stima kidogo kwa kazi ileile. Na tanuri la kukazia chuma? Ukiliwasha kwa panga mbili, joto lingine lote ni hasara. Ngoja kazi ijae, uwashe mara moja.

Utaniambia, "Tunajua, lakini pesa ya inveta iko wapi?" Swali zuri. Katiba ya 2010 imeipa kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini na maendeleo ya biashara. Kufundisha mafundi na kuwasaidia kubadilisha mashine, hiyo gavana anaweza.

Kwa hivyo akija, msimuulize bei. Muulizeni: mafundi wangapi, kwa bajeti gani, kufikia lini? Akianza kuzungukazunguka, jibu mmeshapata.